Mablanketi yaliyokaa stoo Morogoro yakimsubiri mgeni rasmi

Wakuu, habari za humu. Shule niliishia la nne, kwa hiyo mwenye kusahihisha herufi asahihishe kimoyomoyo. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, na majina nayataja.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali imelegeza masharti ya kila kitu. Nilikuwa nalima ndizi na iliki huko juu milimani, ukishaipita Kinole. Mjini kila mwenye tai alikuwa na NGO yake, na gari la kupanda milima ambalo halijawahi kupanda mlima.

Mvua ikanyesha mpaka mlima ukaachia. Nyumba yangu ikaenda na tope, shamba nalo likafuata. Mimi na mke wangu Sabina tulitoka na mtoto wetu mchanga tu, hata ubatizo bado.

Tukahifadhiwa darasani, sakafu ya simenti. Wanaoijua baridi ya Uluguru wananielewa.

Jirani yetu Bi Zuhura, muuza mihogo, alikuja asubuhi iliyofuata akavua kanga yake ya juu akamfunika mtoto. Hakupiga picha.

Lakini kanga ni kanga. Mtoto akaanza kukohoa, kifua kinabana. Sista wa zahanati akatuambia, "Dawa nimempa, ila asipopata joto nafanya kazi bure."

Nikasikia mablanketi ya msaada yameshafika mjini. Nikadandia lori la ndizi mpaka Msamvu, nikauliza uliza mpaka nikaipata ofisi ya NGO iliyoyapokea. Katibu wao anaitwa Gervas. Kama yupo humu ajitokeze. Marobota niliyaona kwa macho yangu, yamejaa stoo mpaka dirishani.

"Shikamoo mzee. Naomba blanketi moja tu, nina mtoto mgonjwa."

"Marahaba. Kijana, mgeni rasmi bado hajapata nafasi. Wafadhili wanataka picha ya marobota yamefungwa, nembo yao inaonekana. Nikikufungulia wewe hapa, nitapiga picha ya nini?"

"Nipige mimi, nikiwa nimelibeba."

Akacheka. Kweli alicheka. "Rudini mkajiandae na mapokezi."

Na tulijiandaa! Narudi juu, namkuta mwenyekiti wetu wa kijiji, Mloka, mjomba wangu wa damu, kawapanga kina mama walioangukiwa na nyumba wanafanya mazoezi ya wimbo wa kushukuru. Wanatetemeka, wanaimba.

"Tabasamuni jamani! Wageni watadhani hamjafurahi."

Vijana kawatuma wakakate migomba ya kupamba njia. Migomba yenyewe ndiyo ile michache iliyobaki!

Mtoto alifariki mgeni rasmi akiwa bado anatafuta nafasi. Tukamzika.

Siku ya sherehe ikafika. Sisi ndio tulikuwa tumepangwa kupokea blanketi la kwanza, familia yenye mtoto mchanga. Gervas alipoambiwa mtoto hayupo tena, aliwaza kidogo, akamgeukia Sabina.

"Pole sana, mama. Basi azima wa jirani, umpakate dakika mbili tu."

Wakuu, dakika mbili.

Sabina akaenda mbele mikono mitupu. "Shikamoo mheshimiwa. Mtoto wa hili blanketi tumeshamzika. Baba yake alikuja kuliomba mjini, akaambiwa wewe hujapata nafasi."

Mheshimiwa akamtazama Gervas. Gervas akamtazama mjomba. Mjomba akawapigia makofi kina mama waanze wimbo.

Wakaanza.

Blanketi tulipewa. La kijivu, zito kweli. Lingetosha.

Nilichojifunza ni hiki, ninyi wenye vikundi vya kusaidia watu: kitu kikiwa stoo na mtu yuko kwenye baridi, kipelekeni leo. Mgeni rasmi mwiteni baadaye aje anywe soda. Msaada uliochelewa sisi tuliupokea kwa makofi, na kaburi lilikuwa bado bichi.

Mliowahi kupangwa mstari mkingoja kamera, komenti ziko wazi. Na wenye kumtetea Gervas nao waje, ila waanze kwa kunieleza: yale marobota yangepungukiwa nini yakifunguliwa siku ile?