Kitambaa Chekundu Dirishani

Miaka ya tisini nilikuwa najiona mjuaji kwelikweli. Nilikuwa nimetoka kumaliza kozi ya kompyuta, na ofisi iliyoniajiri ikanituma mtaa uitwao Kongo, kule Kawangware jijini Nairobi, nikaulize kikundi cha akina mama washonaji wanahitaji programu gani ya kugawana kazi. Walikuwa wanashona sare za shule, kila mmoja nyumbani kwake: huyu anakata, yule anaunga mikono, mwingine anatia vifungo. Kompyuta ingekaa ukumbi wa kanisa, kila mtu aione.

Nilikwenda na fomu zangu. Nani hutoa amri? Wakacheka. Anayechelewa hujieleza kwa nani? Wakacheka zaidi. Mwenyekiti wao, mama mnene asiyekosa pini mdomoni, akaniambia nitembee nao kwanza, maswali yatangoja.

Siku ya tatu tulimkuta mmoja wao kitandani, kifua kimembana, mafurushi ya mikono ya sare hayajaguswa. Nikaandika jina lake chini ya "Amechelewa". Chini ya "Sababu" nikaandika "Ugonjwa". Nikajipongeza.

Tulipotoka nje mwenyekiti aliisoma ile fomu, akatoa pini mdomoni.

"Hii kompyuta yako itaonyesha watu wote hii jina?"

"Ndio, mama. Ndiyo kazi yake."

"Basi kesho ataamka ashone na hiyo kifua. Ni aibu itamuamsha. Unataka kutuulia mtu?"

Akanionyesha dirisha la mgonjwa. Palining'inia kitambaa chekundu nilichodhani kimeanikwa tu. Kumbe aliyezidiwa hufunga kitambaa dirishani, na mwenzake anayepita huingia, akabeba furushi, akaenda zake. Haulizwi mtu kitu.

Niliona haya. Nimeketi na wasomi wengi tangu siku hiyo, na sijaona mpango wa kazi wenye akili na huruma kama ule. Nilifuta safu zote mbili, nikaweka alama moja nyekundu isiyo na jina: kuna furushi linangoja.

Bosi wangu alifoka. "Sasa tutajuaje nani mzembe?"

Nikamwambia hatutajua.

Sare zilifika shuleni siku yake. Mgonjwa alilala wiki mbili, akapona, akarudi kwenye cherehani. Nilimuuliza ni nani aliyemshonea ile mikono. Akasema hajui, hakuna aliyemwambia.