Niliomba kuhamishwa kutoka Riyadh nikaanze kuishi Jeddah

"Huko Jeddah unaenda kufuata nini?"

Wakuu, hamjambo. Swali hilo niliulizwa juu ya paa mjini Riyadh, na mimi mwenye digrii ya sosholojia nikajibu kwa kukohoa. Nasimulia kama ilivyokuwa, hata pale ninapoonekana mjinga. Ni pengi.

Nilienda Saudia miaka ile maajenti wanatusomba kama mchanga wa ujenzi. Kazi: housegirl. Kwenye form waliandika "domestic worker", nikahisi nimepewa cheo.

Kila asubuhi nilipanda paani kuanika nguo. Ng'ambo ya ukuta mfupi, kwenye paa la jirani, Dada Rehema wa Kwale naye alikuwa anaanika zake. Tulipiga stori nusu saa hivi, mpaka madam wangu aite "Yalla!"

Stori zenyewe zilikuwa nzito sana: madam wake anavyokoroma, nani kaolewa Msambweni, kwa nini wali wa huku hauna nazi.

Nilimsikiliza kwa sikio moja. La pili lilikuwa linasubiri maisha yangu yaanze.

Maana nilishaamua kwamba yale si maisha, ni waiting room. Maisha yalikuwa Jeddah, baharini, kwa dada yake madam aliyekuwa anatafuta mtu wa kazi. Nikabembeleza wiki nzima. Madam akakubali, na mumewe, ndiye kafili wangu, yaani mdhamini wa kibali changu, akaridhia.

Nikampelekea Rehema habari njema. Ndipo akaniuliza lile swali.

Nikakohoa.

"Unakohoa, msomi? Chuoni hawakuwafunza hilo?"

"Nikifika nitajua."

"Haya mwanangwa. Ukiiona bahari nisalimie. Iambie mie nimebaki huku na vumbi."

Tukacheka. Sikumwomba hata namba ya simu. Ya nini? Nilikuwa naenda kuishi.

Jeddah, mtaa wa Ruwais, ghorofa ya saba. Bahari ilionekana kupitia dirisha la jikoni, kati ya majengo mawili, upana wa sahani. Nguo zilipelekwa kwa dobi. Paa lilifungwa kwa kufuli.

Miezi minne hakuna aliyenisemesha Kiswahili. Nilianza kuuambia mchele hauna nazi. Ningelipa kusikia habari za yule madam anayekoroma.

Somo, kwa wanaopenda somo: zile nusu saa ndizo zilikuwa Saudia yangu nzima, na nilizitumia kuangalia saa. Kama na wewe upo mahali "kwa muda tu", comment hapo chini utuambie maisha yako yanaanza lini. Sikutanii.

Miaka mingi baadaye, Mombasa, nilikutana na binti aliyechukua kazi ya Rehema kwenye ile nyumba. Nikamuuliza kama bado wanaanika paani.

Akanishangaa. Nyumba ile ina mashine ya kukaushia nguo, ilikuwepo tangu kabla ya Rehema. Siku yake ya kwanza madam alimwonya asiwe kama yule aliyemtangulia, ambaye aligombezwa kila wiki kwa kuzitia nguo vumbi, na kesho yake anapanda tena na beseni.