Bibi Aliyejaza Maji Nyumba Yake Mwenyewe

Nilimkuta bibi wa miaka themanini na moja ameshika mpira wa maji, anajaza chumba cha chini cha nyumba yake kama mtu anayemwagilia bustani.

Nje mafuriko yanakuja. Ndani bibi ameyatangulia.

Wewe ungesemaje?

Mimi nilisema. Tatizo nilisema kwa watu wengi mno, ndiyo maana leo nayaandika haya.

Naitwa Lorna. Naishi Dakota ya Kaskazini, Marekani, nyumba ya pili kutoka mtoni. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bibi Ardis Kvamme.

Ilikuwa.

Saluni yangu ipo chini ya nyumba, kwenye chumba kama hicho hicho cha bibi. Na saluni yangu ni bunge. Rola kichwani, kahawa mkononi, habari za mji mzima mdomoni. Mtu akiachika leo, mimi nilijua juzi.

Basi bwana, Aprili ilikuwa imeshaingia. Watu tumeshasahau makoti mazito. Mume wangu Gordy kashaosha pikipiki.

Dhoruba ikatukuta hivyo hivyo, mikono mitupu.

Siku ya kwanza mvua ya barafu. Nyaya za umeme zikanenepa kwa barafu kama mikono ya mtoto, zikakatika moja baada ya nyingine. Umeme kwaheri.

Siku ya pili theluji mpaka madirishani.

Na mto wetu ni mkaidi, unatiririka kwenda kaskazini. Kusini barafu imeyeyuka, maji yanashuka kwa kasi, yanafika kwetu yanakuta mbele bado kumeganda. Hayana pa kwenda.

Yanapanda.

Sasa kwetu kuna desturi. Msaada hauombwi. Unaamka unakuta njia yako imeshapigwa koleo, hujui ni nani. Ukiuliza, wote wanakana. Mtu akisubiri kuombwa ndipo asaidie, tunamsema mpaka uzeeni.

Ndiyo nikaenda kwa Bibi Ardis siku ile ya pili. Nimebeba bakuli la viazi na nyama ya kusaga. Nikasikia maji yanamwagika chini. Nikashuka ngazi.

"Bibi! Unafanya nini?"

"Najaza."

"Unajaza nini, jamani? Mto utakujazia bure!"

Hata hakugeuka. "Mto una matope. Haya ni safi. Nyumba inataka kitu cha kuegemea, Lorna."

Watu wa umri wake hapa kwetu ukipata sentensi tatu umepata hotuba. Nikaweka bakuli mezani, nikaondoka zangu.

Sikufika hata mlangoni kwangu nikawa nimeshampigia Darlene. Darlene ni mteja wangu na ni redio ya mji.

"Shoga, Bibi Ardis kaanza. Anaongea na nyumba."

"Weeee! Anaongea na nyumba?"

"Anaimwagilia."

Saa moja baadaye Darlene ananipigia yeye, ananihadithia kwamba Bibi Ardis anataka kujizamisha. Habari yangu mwenyewe, imerudi imevaa nguo nyingine! Na mimi nikasema nini?

Nikasema, "Mungu wangu. Nilijua tu."

Jioni akapiga Janelle, binti wa bibi. Anakaa mji wa Fargo, na barabara zote zimefungwa.

"Dada Lorna, wewe ndiye jirani. Niambie ukweli. Mama yuko sawa?"

Hapo ndipo pa kusema sijui. Mara moja tu maishani.

"Hayuko sawa, mdogo wangu."

Akaanza kulia.

"Nilimwambia hii ni nafasi yake ya mwisho kukaa peke yake. Kuna nyumba ya wazee huku, wameshatupatia chumba. Naomba mmtoe hapo asubuhi. Na hayo maji myatoe, nyumba isije ikaoza."

Nikamwambia, usijali. Sisi tupo.

Asubuhi Gordy akaja na jenereta, pampu na wanaume wawili waliochoka kupanga viroba vya mchanga vya kuzuia mto. Bibi Ardis kasimama juu ya ngazi na aproni yake. Maji chini yanafika kifuani.

"Gordon," akamwita Gordy kwa jina lake kamili, "hiyo mashine irudishe."

"Mama, ukuta utalowa, utaoza."

"Ukuta umeshalowa. Udongo wote huko nje ni uji. Unausukuma. Maji haya yanausukuma na yenyewe. Ukiyatoa, nani atausukuma?"

Gordy akanitazama. Mimi nikamkonyeza: unaona?

Gordy mwenyewe ametoka kule magharibi kwenye vilima, nyumba hazijui mto. Na sisi wa kizazi cha baadaye tumekulia nyuma ya tuta la kuzuia mto, mafuriko makubwa tunayasikia kwenye stori tu. Waliokuwa wanajua walikuwa kwenye tuta, wanahangaika.

Nikampigia Janelle, nikampa mama yake simu. Nikamsikia bibi anamwambia yale yale, taratibu, kama anamfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Halafu akamsikiliza binti yake akikataa.

Akanirudishia simu.

"Haya," akasema. "Nipeleke kwako."

Nikamshika mkono juu ya barafu. Nikamkalisha jikoni kwangu kando ya jiko la kuni, nikamwachia kahawa. Ilikuwa saa mbili asubuhi.

"Naweza kutumia bomba lako?" akauliza.

"Bibi, hapa ni kwako!"

Nikarudi kwake kuwapikia wanaume. Jiko la gesi la bibi lilikuwa linawaka, na watu walikuwa wanaongezeka: Darlene kaja, mumewe kaja. Ikawa kama sherehe. Nyumba imejaa, tunacheka, tunasimulia vituko vya bibi huku tunakunywa kahawa yake kwenye vikombe vyake.

Saa sita mchana chini kukawa kukavu. Gordy akapanda kifua mbele.

"Kazi kwisha. Hata shukrani tusipopata."

Saa tisa maji ya mto yakavuka barabara ya chini, yakazunguka viroba vyetu. Tukawa tunayatazama tu dirishani. Yana vipande vya barafu vikubwa kama milango.

Saa kumi tukasikia mlio.

Mlio mnene, mfupi, kama ng'ombe anakohoa. Vikombe vikatikisika kabatini.

Gordy akashuka ngazi mbili, akarudi mbio, uso umempauka.

"Tokeni! Wote tokeni!"

Tukatoka na soksi tu. Nikiwa kwenye theluji nikaugeukia ukuta wa upande wa mto. Haukuwepo. Ulikuwa umeingia ndani ya nyumba, na udongo na maji nyuma yake. Halafu jikoni, pale pale tulipokuwa tunacheka, sakafu ikainama polepole kama mtu anayepiga magoti.

Wanaume wanne na jenereta, tusijue hata pa kushika.

Hakuna aliyetoa simu. Hata Darlene.

Nikakimbia kwangu. Njia nzima nafikiria maneno ya kumwambia.

Nikafungua mlango, nikasikia maji.

Mlango wa saluni uko wazi. Nikachungulia. Rola zangu zinaelea. Kiti cha kukaushia nywele kimezama hadi shingoni. Masinki yote mawili koki ziko wazi, na mpira wa mashine ya kufulia umetupwa chini, unatapika.

"BIBI!"

Alikuwa jikoni, pale pale nilipomwacha. Mikono mapajani.

"Umefanya nini? Saluni yangu! Umefanya nini?"

Akanitazama bila hasira. Bora angekuwa na hasira.

"Ya kwangu imekwenda?"

"Imekwenda, bibi," nikasema.

"Niliisikia," akasema. "Nilipoona pampu inaingia nilijua. Nikasema, basi hata moja isimame."

"Mbona hukusema, bibi?"

"Nilisema mara tatu. Kwako, kwa Gordon, kwa mwanangu."

Gordy akaingia, akaona maji, akaanza kuburuta pampu. Nikamzuia mlangoni kwa kifua changu.

"Usiiguse."

"Lorna, saluni yako!"

"Nimesema usiiguse!"

Siku nne mto ulikaa ubavuni mwa nyumba yetu. Siku nne tulikaa juu na maji yetu safi chini, bibi akituambia lini tuongeze, lini tuache. Mto ulipoondoka, yeye ndiye aliyetuambia tutoe: kidogo leo, kidogo kesho, kidogo keshokutwa.

Ukuta wetu hauna hata ufa.

Nikampigia Janelle nikamwambia ukweli wote. Kwamba mama yake ana akili kuliko mji mzima. Kwamba mimi ndiye niliyeharibu. Nikadhani ukweli ukisemwa, mambo yanarudi.

"Nimekusikia, dada," akasema. "Lakini nimrudishe wapi?"

Nikamwambia akae kwetu. Bibi akakataa. Akasema hajawahi kuwa mgeni wa mtu zaidi ya wiki, na wiki imeisha.

Sasa yuko Fargo, chumba cha dirisha moja. Kila Alhamisi naendesha kwenda kumtengeneza nywele. Sina umbea wa kumpelekea, nimeuacha. Namfunga rola, moja moja.

Nikimaliza ananiuliza swali lile lile.

"Nyumba bado imesimama?"

"Imesimama, bibi."

Anaitikia kwa kichwa, kama vile ni yake.

Ndugu zangu, msaada usioombwa ni mtamu sana kwa anayeutoa. Kabla hujamkimbilia jirani na pampu, muulize anafanya nini. Akikujibu, msikilize mpaka mwisho. Na kabla hujamweleza mtu mwingine, muulize tena.