Uso wa Mama Tanuruni

Anelta Fontaine alikuwa kidato cha tano huko Portsmouth, Dominica, na kazi yake ya mtihani wa sanaa ilikuwa kichwa cha udongo: uso wa marehemu mama yake. Kimbunga kilimchukua mama pamoja na picha zake zote, kwa hiyo Anelta aliufinyanga kwa kukumbuka tu.

Mwalimu Laronde alikigonga kwa kidole. "Kimejaa udongo mpaka ndani, binti yangu. Kikiingia tanuruni hivi kitapasuka, na kitavunja kazi za wenzako. Lazima ukikate, ukikombe kiwe na uwazi ndani."

"Nimkate mama? Siwezi, Mwalimu."

"Basi mimi chungu changu hakiingii na bomu hilo," alisema Cuthbert, mwanafunzi mwenzake.

Anelta alishika waya wa kukatia. Aliupitisha nyuma ya masikio polepole, pumzi ameibana, mpaka uso ukabanduka na kumlalia kiganjani. Akavikomba vipande vyote viwili kwa kijiko, akaviunga kwa uji wa udongo, akalainisha mshono.

Kichwa kilipokauka kikachomwa. Siku ya kufungua tanuru Anelta alisimama mlangoni, hathubutu kusogea. Mwalimu ndiye aliyeingiza mikono. Kichwa kilitoka kizima, ila ufa mwembamba nyuma ya sikio.

Shangazi aliyemlea alikuja shuleni kukiona. Alikizunguka, akakitazama kila upande.

"Pua umempunguzia," akasema mwishowe, "lakini ni yeye."

Kisha akafungua kilemba chake, akampangusa mama huyo wa udongo vumbi usoni.