Hodi ya Tatu

Mchana, mawese yanapochemka, harufu yake hushuka polepole hadi ziwani na mji wa Rumonge, Burundi, husinzia macho wazi. Katika darasa moja la sekondari, Jovita Niyonzima, fundi wa kompyuta, alikuwa akitazama kioo cheusi chenye herufi nne nyeupe: A, B, C, D.

Kompyuta za shule ni kuukuu. Jovita, aliyezaliwa ukimbizini Tanzania na kujifunza ufundi Kasulu, alimwahidi mkurugenzi kwamba angezifufua kwa kiini kipya, yaani programu inayoamka kwanza ndani ya mashine na kuziamsha nyingine. Kiini kikaganda kabla ya kusema neno. Akapanda herufi ndani yake, moja kila hatua, aone kinafika wapi. Kilifika D. Kisha kimya, kama ziwa lisilo na upepo.

Mlangoni Cikuru, mnunuzi wa vyuma chakavu, alikuwa ameegemeza baiskeli. Mkurugenzi alishamwambia: zisipowaka leo, zote beba.

"Dada Mutanzania, hiyo mashine iko inaota. Wacha niiamshe na nyundo."

"Anza na kichwa chako, ndugu."

Ng'ambo ya njia Mama Espoir, mchuuzi wa ndagala, dagaa wa ziwa hili, kutoka Uvira, alisimama kwenye ua wa jirani, sinia kichwani.

"Hodi!" Majani ya michikichi yakatikisika. "Hodi!" Jovita akasikiliza kama mtu aliye chini ya maji. "Hodi!"

Katika mwambao huu, hodi ya nne ni utovu wa adabu. "Hawako," Mama Espoir akajiambia, akaenda nyumba inayofuata.

Jovita akaketi wima. Baada ya D, kiini huiuliza saa iliyo kwenye ubao wa mashine, na katika mashine hizi saa hiyo ilikufa zamani. Kilikuwa kikipiga hodi, bila kuchoka, kwenye nyumba isiyo na watu.

Aliandika mistari michache: uliza mara tatu, usipoitikiwa, nenda kwenye saa nyingine, iliyo ndani ya kichakataji, ubongo wa mashine. Akakiunda kiini upya, akawasha.

A, B, C, D. Kimya kirefu. E. Kisha maandishi yakamwagika kiooni, meupe, kama ndagala wanaoanikwa juani.

Cikuru akachungulia. "Sasa mimi nibebe nini?"

Jovita alimpa kibodi mbili zilizovunjika.

"Murakoze," akashukuru kwa Kirundi, akazifunga kwenye baiskeli kwa mpira, akashuka kuelekea ziwani. Jovita akavuta kiti hadi kompyuta ya pili.