Mji Usio na Mlima

Jioni ile jina langu lilikuwa bado halijaandikwa. Darasa letu la jioni hapa Bwera, mpakani, lilikuwa la watu wazima watupu: waendesha bodaboda, wauza unga wa muhogo, na mimi niliyeshuka kutoka Kyarumba, milimani, na Kiingereza cha kusalimia mbuzi. Mwalimu wetu, Madamu, alishika orodha ya watakaosajiliwa kufanya mtihani wa kidato cha nne. Ukikosa, unangoja mwaka mzima. Na mama yangu alikwisha kumtenga jogoo wa kunipongeza.

"Sitaki mniambie kitenzi ni nini," Madamu alisema. "Nataka mwenzako afike."

Kazi ilikuwa hii: wawili mnakaa migongo ikigusana, kila mmoja ameshika karatasi yenye ramani ya mji wa kubuni aliouchora Madamu. Yangu ina njia kutoka stendi hadi zahanati. Ya mwenzangu haina. Namwelekeza kwa Kiingereza, yeye anachora. Majaribio ni matatu tu; akifika, majina yenu yanaandikwa.

Mwenzangu alikuwa mama muuza vitenge kutoka Beni, ng'ambo ya mpaka. "Papa, usinipoteze," alininong'oneza, akiniita baba kama wasemavyo kwao. "Bwana yangu ataniuliza nilikuwa wapi."

Nikaanza: panda, shuka, panda tena. Kalamu yake ikaishia mtoni. Mara ya pili ikaingia kituo cha polisi.

"Afande, fungulia mama, hana makosa!" bodaboda mmoja akapaza sauti. Darasa likacheka hadi mabati yakataka kung'oka. Mimi jasho lilinitoka ndoo nzima.

Mara ya tatu. Madamu akatazama saa.

"Panda," nikasema.

Kalamu yake ikagonga karatasi mara moja. Kisha mama akauliza kwa Kiingereza chake cha kuhesabu maneno: "Mlima uko wapi?"

Nikaitazama ramani. Mlima haukuwepo! Kwetu hakuna anayesema kulia wala kushoto; kupanda ni kuelekea mlimani, kushuka ni kuupa mgongo. Hata chumvi mezani tunaisogeza upande wa juu. Nilikuwa nimeuweka mlima wetu kichwani, upande wa machweo. Na yeye, kwao Beni, mlima huohuo unasimama macheoni. Kila nilipompandisha, alikwenda kinyume.

"Mlima uko upande wa kanisa," nikasema.

Nikasikia karatasi ikigeuzwa. "Sasa sema."

Nikampandisha hadi sokoni, nikamshusha darajani, ulimi ukinikauka kama muhogo juani.

"Kalamu chini!"

Madamu akazibandika karatasi mbili dirishani, moja juu ya nyingine. Mistari ililingana, ila wake ulikoma kwenye ua wa zahanati.

"Hajafika."

"Madamu!" mama akaruka, Kiingereza kikamtoka, akarudia Kiswahili cha kwao. "Hapa ni mulango! Mugonjwa akifika kwa mulango, si banamuchukua?"

"Zahanati yangu haina wachukuzi," Madamu akajibu, wala hakucheka. Akamrudishia karatasi, akanitazama. "Sentensi moja. Kaeni kama mwanzo."

Migongo ikagusana. Kiingereza chote cha miaka mitatu kikakimbia, kikavuka mpaka bila hata kugonga muhuri. Likabaki neno moja. Nikalisema.

"Ingia."

Kalamu ikakwaruza nyuma yangu. Madamu akaja, akainama juu ya karatasi muda mrefu kuliko mazishi ya chifu. Kisha akavuta orodha, akaandika majina mawili, na la kwanza lilikuwa la mama wa vitenge.