Unga wa Lori na Muhogo wa Samuye

Mwaka ule mvua ilipokataa, nilikuwa bado mgeni Samuye. Mume wangu alifanya kazi kwenye machimbo ya almasi, nami nilikaa na mama yake. Mtama ulikauka kabla haujafika magotini, ng'ombe wakaanza kufa, na viazi vikavu tulivyoweka, michembe yetu, vikaisha. Ndipo lori la unga likaanza kuja kwenye uwanja wa shule. Lilikuja na bwana shamba mmoja kijana kutoka ng'ambo ya ziwa, asiyejua Kisukuma hata kidogo. Kwa kuwa nilisoma Kiswahili misheni, niliitwa niwe mkalimani wake.

Mwanzoni kazi ilikuwa nyepesi. Akisema pangeni mstari, nasema pangeni mstari. Watu wakisema wabeja, namwambia wanashukuru. Lakini baada ya muda wanawake walizoea kushinda pale uwanjani hata siku ambazo lori halikutarajiwa. Mvua iliporudi, ni wachache walioshika jembe. Sisi pia hatukulishika. Mama mkwe alisema mbegu tulishazila, sasa tulime nini?

Siku moja lori likaja na vipando vya muhogo juu ya magunia, vimefungwa kama kuni.

"Waambie," bwana shamba akasema, "kuanzia leo unga ni wa nyumba itakayopanda muhogo. Na muhogo ukikomaa, lori haliji tena. Nataka msimame wenyewe."

Nikatafsiri. Hayo maneno ya mwisho yalinishinda; kwa Kisukuma yalitoka kana kwamba anaamuru watu wainuke. Wakainuka wote. Yeye akadhani wamekasirika, wao wakadhani wanafukuzwa, na mimi katikati sikujua nianze kumweleza nani.

Aliyebaki chini ni jirani yetu mmoja, mjane mwenye mguu mbovu.

"Mwulize," aliniambia, "asiyeweza kulima afanyeje?"

Bwana shamba alikuna kichwa. "Nikimpa yeye bure, kesho wote watakuja wanachechemea."

Nikalifikisha kama lilivyo. Watu wakacheka, na mjane mwenyewe akacheka kuliko wote. Mimi nilimchukia yule kijana njia nzima ya kurudi nyumbani. Lakini hakuwa amedanganya. Mimi pia nilikuwa nimeshinda uwanjani.

Asubuhi mama mkwe, niliyedhani ataamka na matusi, aliwaita wanawake wa jirani. "Tuanze kwa yule," akasema, akionyesha kwa mjane.

"Mama, tunamlimia kwa ajili ya ujirani au kwa ajili ya unga?" nikamwuliza.

"Shika jembe, mkamwana."

Tukapiga matuta ya mjane, kisha ya kwetu, kisha ya wengine. Unga uliendelea kuja mpaka muhogo ulipokomaa, halafu lori likakoma kweli. Wengine walisema tumesaidiwa, wengine tumetupwa. Mama mkwe alisema yote mawili, kutegemea ameamkaje.

Mavuno ya pili bwana shamba alikuja kwa baiskeli kutazama mashamba. Mjane akatoka kwake taratibu na kapu la makopa, muhogo aliomenya na kukausha mwenyewe, akamwekea miguuni.

"Mwambie asante," bwana shamba akaniambia, "lakini siwezi kuchukua chakula chake."

Mjane akasikiliza, akatikisa kichwa. "Mwulize, anaogopa atazoea vya bure?"

Nikainama kulisogeza kapu.

"Amesemaje?" bwana shamba akauliza. "Sema kama alivyosema, mama."

Nikasema. Alisimama, mkono juu ya tandiko la baiskeli, akimtazama mjane, kisha akitazama kapu. Halafu akalifunga nyuma kwa kamba ya mpira, akapanda, akaenda bila kuaga.

"Amekasirika?" mjane akaniuliza.

"Sijui."

"Amefurahi?"

"Sijui, mama."

"Wewe si ndiye mkalimani?"

Akarudi kwake akiburuta mguu, ananung'unika. Baadaye yule bwana shamba alihamishwa. Aliyekuja baada yake alikuwa Msukuma, nami sikuitwa tena.